Pua Mpya za Mapacha

Mume wangu Oyekanmi alikuwa karani wa stesheni ya reli hapa Offa, na tangu astaafu hakuna kikuukuu kilichopita mjini asikidake. Taa za reli, santuri, vikombe vya ukumbusho wa kutawazwa wafalme wa Uingereza, vyote vilitunzwa kuliko mimi. Nikilalamika hujibu kwamba kila kitu humu kina habari yake. Habari gani, na mfuta vumbi ni mimi!

Alivyovipenda zaidi ni sanamu za mapacha. Kwetu pacha mmoja akifa huchongewa kisanamu cha mti, na mama yake hukiosha, hukilisha na kukilaza kama mtoto, ili yule aliyebaki asije akamfuata mwenzake. Miaka ikienda, uso hulika kwa kuoshwa. Lakini Oyekanmi alilelewa na katekista, na nyumbani kule sanamu hazikuvuka kizingiti. Yeye nyuso zile aliziona zimeharibika tu. Akakaa barazani na kisu, akawachongea wote pua mpya na macho mapya, akawapaka vanishi. Wageni waliwasifu. Hata mimi niliwasifu, sitasema uongo.

Ndipo akaja Mama Taiwo, bibi wa kijiji cha jirani. Taiwo wake, mtu mzima sasa, alikuwa mahututi, na homa ikimpanda alimwita Kehinde, pacha wake aliyekufa mchanga. Sanamu ya Kehinde iliuzwa kwa mchuuzi na marehemu mumewe, siku zile alipookoka, na mchuuzi huyo ndiye aliyemwelekeza kwetu. Bibi hakutaka kingine ila kumlaza Kehinde kitandani kwa ndugu yake, kabla hajachelewa.

Oyekanmi akamtandikia mkeka, akawashusha wote rafuni. Mama Taiwo akafumba macho, akamshika mmoja mmoja na kupitisha kidole gumba usoni. Alipomaliza, akaanza upya. Kisha akamtazama mume wangu.

“Baba, nani amewagusa hawa?”

“Ni mimi, Mama. Nilikuwa nawatengeneza.”

“Pua ya Kehinde niliimaliza mimi kwa kumwosha. Sasa nitamjuaje?”

Mume wangu, mwenye maneno kama redio, akamsihi tu awachukue wote. Bibi akakataa. Alisema huenda wenzake nao wanawatafuta wa kwao, hawezi kuondoka na watoto wa watu. Akajifunga kitambaa chake vizuri, akaenda zake mikono mitupu. Roho iliniuma. Usiku huo nilimwekea Oyekanmi chakula bila hata karibu.

Taiwo akafa wiki ileile. Kwetu mzazi hamziki mwanawe, kwa hiyo watu walipokwenda makaburini, Mama Taiwo alibaki chumbani, nami nikakaa naye mkekani. Oyekanmi hakuwafuata wanaume wenzake. Aliingia na kapu kichwani, yeye aliyeona haya kubeba hata mfuko wa sokoni. Akalala kifudifudi kumwamkia bibi, kama ada yetu, kisha akawatoa mapacha wote, akawapanga mbele yake.

“Mama, yumo humu,” akasema. “Nimemleta kwenye msiba wa ndugu yake.”

Mama Taiwo alisogea, akawapa nafasi mkekani. Baadaye akanigeukia, akaniomba beseni la maji ya kuwaogeshea.