Wakwe Walipokuja Tusipeane Mikono

Papa, baba yangu, alikuwa amestaafu kazi ya reli, na aliamini kwamba mtu unamjua kwa mkono wake. Mkono mlegevu ulimkera. Hata padri mpya wa parokia yetu alimpima hivyo, akamfaulisha.

Basi corona ikaingia Lubumbashi, redio ikakataza kupeana mikono, na ndipo wazazi wa mchumba wangu walipotuma habari kwamba wanakuja kujitambulisha.

"Sasa huyu kijana nitamujua namna gani?" Papa akauliza.

"Utamuuliza," Mama akamjibu. "Kinywa si unayo?"

Papa alikuwa na hofu nyingine. Wakwe walikuwa Waislamu wenye asili ya Maniema, sisi Wakatoliki. Tusipowapa mkono, si watadhani tunawadharau? Shangazi, dada yake mkubwa, aliyezaliwa kijijini kwa mababu zetu, kaskazini, akamtuliza. "Bankambo betu balikuwa banapiga makofi tu mbele ya bakwe. Hakuna mutu alikasirika."

Jumapili wakafika: baba, mama na mchumba wangu, wote wamevaa barakoa za kitenge kimoja, kwa kuwa baba mkwe na mwanawe ni mafundi cherehani. Shangazi akapiga goti kwenye mlango wa lupango, ua wetu, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo. Baba mkwe akamtazama, kisha akaweka mkono wa kuume kifuani na kuinama.

"Asalamu alaikum."

Papa hakujua afuate upande gani. Akapiga makofi mawili, akashika kifua, akainama mno hadi kofia yake ikaanguka. Mama mkwe akacheka ndani ya barakoa, na sisi wote tukacheka.

Zamu ya mchumba wangu ilipofika akasahau kila kitu, akanyoosha mkono. Papa akautazama. Nilijua jinsi alivyoutamani.

"Rudisha mukono, mwanangu," akasema kwa upole. "Ikala hapa, tusemezane."

Wakakaa wawili chini ya kivuli cha nyumba, viti vimeachana. Nikiwa jikoni nilisikia Papa akimuuliza alivyojifunza ushonaji, na kama aliwahi kuharibu nguo ya mteja.

"Ndiyo, Papa. Nilishona koti ya arusi, mikono yote mbili ya kushoto."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda kwake mbele aone kosa mwenyewe. Nikamuambia. Nikalala atelier, kwenye mashine, nikashona ingine."

Papa akacheka hadi akakohoa, na watu wote lupangoni wakageuka kumtazama kwa wasiwasi, jinsi kikohozi kilivyotisha siku zile.

Tulikula bukari, ugali wetu, na kuku waliochinjwa na jirani yetu Mwislamu. Mama alikuwa amemwomba mapema bila kumwambia mtu. Mama mkwe alipolijua hilo aliacha kula kidogo, akamtazama Mama, akasema asante mara mbili.

Mimi nilipokuwa nikitoa vyombo Papa aliniita pembeni. "Ule kijana hafichi makosa," akasema. "Mi namupenda."

Kuagana kulichukua muda mrefu. Bila mikono hakuna aliyejua salamu inaishia wapi, basi wao wakainama, sisi tukapiga makofi, wakainama tena, hadi dereva wa teksi akapiga honi. Nilisimama karibu na Mama, tumbo limeshiba, nikiwatazama wakipanda gari.