Vifurushi Vitatu Nilivyouza Bila Kufungua

Siku moja mchana nilivaa viatu nilivyoletewa na mteja, nikainuka kitandani, nikaanza kuchechemea.

Na miguu yangu, wajukuu zangu, ilikuwa mizima kabisa.

Nikavua, nikavaa tena. Nikatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Bado nachechemea. Mguu wa kushoto uko juu, wa kulia uko chini, kama niko kwenye ngazi.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikawapoteza.

Ujanani nilifanya kazi ya kuwaliwaza wanaume. Sifichi, na umri huu nimfiche nani? Nilikaa kwenye nyumba ya vyumba sita. Malipo yenyewe yaliishia kwa Mama Mwenye Nyumba. Chetu sisi kilikuwa bakshishi na zawadi.

Chumbani nililala na dada mmoja tuliyemwita Mdundo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, kwa hiyo akipita koridoni ulimsikia: ndu-tu, ndu-tu. Jina hilo alijipa mwenyewe.

"Wakitaka kunicheka," alisema, "wacheke kwa jina nililochagua mimi."

Sisi wawili tulikuwa na mchezo wetu. Mmoja akipewa zawadi haifungui mpaka mwenzake awepo. Tunakaa kitandani, kifurushi katikati.

"Kitendawili," anasema mwenye zawadi.

"Tega."

"Kigumu huku, laini huku, na mwenye nacho ana mke mkali."

Hapo unabonyezabonyeza, unanusa, unabahatisha. Ukishindwa unatoa mji, ndipo karatasi inachanwa.

Tuliona mambo. Fundi umeme alileta pasi isiyo na waya. Mwalimu mmoja alileta madaftari kumi na mbili na kalamu nyekundu. Mwenye bucha mmoja, mpole sana yule, alileta figo la mbuzi ndani ya karatasi ya maua, na utepe juu. Mdundo alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta.

Kile kikohozi sikukitilia maanani. Nilidhani ni cheko.

Asubuhi moja akachukua mfuko mdogo, akasema anakwenda dukani mara moja. Hakurudi.

Siku ya tatu Mama Mwenye Nyumba akatangaza, "Ameondoka na bwana. Wameonekana kwenye basi."

Miaka minne chumba kimoja, kitana kimoja, halafu mtu anaondoka bila hata kukwambia baki salama. Iliniuma, jamani. Nilichotaka duniani ni kujua nimemkosea nini. Kwa kuwa hakukuwa na wa kumuuliza, nikanuna.

Na nikaacha kufungua zawadi. Nifungue na nani? Mteja akiniachia kifurushi, kesho yake nakipeleka kwa Mama Mitumba pale kona kama kilivyo, naye ananipa chochote. Alipenda hivyo, kama bahati nasibu.

Baada ya wiki mbili hivi akaanza kuniita mteja mmoja aliyekuwa wa Mdundo zamani. Tulimwita Sabuni, maana alinukia sabuni ya hospitali. Alikuwa anapiga deki wodini.

Huyu alikuja kila Jumamosi mchana. Hata shati havui. Anakaa kwenye kiti, anaangalia kitanda kilichobaki kitupu, anaangalia mlango. Nje ya pazia Mama Mwenye Nyumba anapitapita, na masikio yake mnayajua watu wa aina ile.

Akiondoka anaweka kifurushi mezani.

"Fungua ukiwa peke yako."

"Asante, mpenzi."

Mnaona? Wanaume wote husema hivyo, na sote hujibu hivyo.

Jumamosi tatu, vifurushi vitatu. Vyote kwa Mama Mitumba.

Cha nne nilikishika nikajua ni viatu. Vyangu vilikuwa vimeachia soli, basi nikajiambia hiki nakifungua. Vyeusi, vya kufunika, vimepakwa rangi mpya vinang'aa, sikuvitambua. Nikavaa.

Ndiyo ile kuchechemea.

Nikaingiza mkono kwenye kiatu cha kushoto. Ndani, chini ya kitambaa, fundi alikuwa ameshonea kipande cha tairi, unene wa kidole.

Mjini kote nilimjua mtu mmoja tu wa kiatu kile.

Nilitoka mbio hivyohivyo, viatu mguuni. Mama Mwenye Nyumba alikuwa anasinzia kwenye kiti chake mlangoni. Akaita bila kufumbua macho:

"Mdundo, umerudi?"

Nikampita.

Sabuni nilimkuta kituoni anasubiri basi. Akanitazama miguuni.

"Leo umefungua," akasema.

"Viatu hivi umevitoa wapi?"

"Chini ya kitanda chake. Wodi ya vifua."

"Yuko wodini?"

"Alikuwepo, dada. Ametutoka jana asubuhi."

Nilikaa chini, palepale kwenye vumbi. Watu wananipita.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia mara tatu," akasema. "Kila kifurushi kilikuwa na barua. Nilimwandikia mimi, mikono yake ilikuwa inatetemeka."

"Mdomo huna?"

"Aliniapisha. Alisema Mama akisikia ni kifua, wa kwanza kufukuzwa ni wewe uliyelala naye chumba kimoja. Akasema zawadi mle ndani haina anayeiulizia. Tena akasema, 'Yule hawezi kuacha kufungua, namjua.'"

Nikamuuliza barua zilisemaje. Sikutaka kujua, lakini niliuliza.

"Ya kwanza alisema uje na chumvi, chakula cha pale hakina ladha."

"Ya pili?"

"Uje hata bila chumvi."

"Na ya tatu?"

Akaangalia basi linavyokuja. Hakulipanda.

"Ya tatu aliniambia niandike jina lako tu. Lile la kwenu. Nikamuuliza na nini kingine, akasema hilo linatosha, atajua."

Barua zile nilikwenda kuzitafuta jioni ileile. Mama Mitumba alizikumbuka vizuri. "Vile vikaratasi? Niliwashia jiko, mwanangu. Vile vilemba vilivyofungiwa navyo nimeviuza."

Lakini kabla ya kuachana na Sabuni nilimuuliza jambo moja.

"Ukirudi kwake, ulikuwa unamwambiaje?"

"Aliuliza, 'Kasemaje?' Nami nikamwambia ukweli. Kasema asante."

Jumatatu nilikwenda kumchukua nimzike. Nilijisemea, ikiwa hakunipata akiwa hai, basi nitamsimamia sasa.

Karani wa chumba cha maiti hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti.

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Dada yake."

Akafungua kitabu. "Hapa ameandikwa Mdundo. Nipe jina lake kamili, na la baba yake, na kwao ni wapi. Bila hayo simtoi."

Nikafungua mdomo.

Langu alilijua. Usiku mmoja nilishikwa na homa nikawa namwita mama yangu, na kulipokucha akaniuliza, "Na yeye alikuwa anakuitaje?" Nikamwambia. Akalirudia taratibu, kama anayeonja kitu. Tangu hapo tukiwa wawili aliniita hilo.

La kwake sikuwahi kuuliza. Miaka minne nilikuwa nasubiri aniambie mwenyewe.

"Mama?" karani akasema. Kalamu iko juu ya karatasi.

"Mdundo," nikasema.

"Hilo ninalo. Dada gani asiyejua jina la ndugu yake?"

Akafunga kitabu polepole. Alhamisi manispaa wakamzika pamoja na wengine watano, kila mmoja na kibao cha namba. Wa kwangu sikuweza kujua ni upi.

Wajukuu zangu, mimi shule yangu ni ya msingi, sina mengi ya kuwafundisha. Ila mtu wako akinyamaza ghafla, usinune. Mfuate umuulize. Na kabla ya hilo, muulize kwao anaitwa nani, maana ipo siku utaulizwa wewe, na yeye hatakuwepo wa kukujibu.