Mume Wangu Kwenye Mtumbwi wa Katikati

Mume wangu alikaa mtumbwi wa katikati, na tangu siku ya kwanza niliona kiti kile kimempendeza. Kushoto kwake nilikuwa mimi, mkewe wa ndoa ya miaka thelathini na moja. Kulia kwake alikuwa yule mama wa Mombo.

Mitumbwi yenyewe haikuwa ya majini. Zilikuwa mashine tatu za kupiga makasia, zimepangwa sakafuni nyuma ya duka la vitambaa hapa Korogwe mjini, nasi wenyewe ndio tuliozibandika jina hilo. Wenye duka ni Wahindi waliozaliwa hapahapa tangu babu zao, na binti yao alipomaliza kusomea mazoezi ya tiba alirudi akafungua chumba kile. Unakaa kwenye kiti kinachoteleza, unafunga miguu, unavuta mpini mpaka tumboni, unaurudisha, unavuta tena. Hufiki popote. Mimi na mume wangu tulipelekwa pale na presha. Daktari alisema tusipoutikisa mwili, vidonge peke yake havitatosha.

Naueleza wivu wangu mapema, msije mkadhani nauficha. Mume wangu alikuwa amestaafu ualimu mwaka uleule. Kwetu Handeni, na kwao Makuyuni vilevile, nimewaona waume wa rika lake: anastaafu, anapumzika miezi miwili, wa tatu analeta mke wa pili. Dini inamruhusu na umbea unamsindikiza. Dada yangu mwenyewe kule Kwedizinga aliletewa mwenzake mara tu baada ya kuvuna mahindi, akaambiwa ampokee vizuri. Kwa hiyo nilipomwona yule mama, mjane, mwenye hoteli ya chakula pale Mombo mabasi yanaposimama, mrefu, mwenye mwanya, mimi sikumwona mgonjwa wa presha. Nilimwona mke mwenza.

Kilichonichoma zaidi ni maneno. Nyumbani mume wangu ni mtu wa "ndiyo", "hapana" na "chumvi iko wapi". Kwenye mtumbwi alifunguka. Binti alituwekea mwendo mmoja sote watatu, na mume wangu huku anavuta alikuwa anasimulia: shule alizofundisha, mbuzi wa jirani, siasa, mpaka ndoto alizoota. Jasho linamtoka na hadithi inaendelea. Mimi ikifika dakika ya sita nilikuwa nimekwisha. Mbavu zinabana, mabega yananyanyuka yenyewe kutafuta hewa, shingo inakaza. Hata ningetaka kumwambia afunge mdomo, neno lisingetoka.

Yule mama ndiye aliyekuwa akimjibu. "Mh," anasema. Halafu anacheka kidogo, anafumba macho. Tukipumzika anaweka mkono kifuani, na kifua kinapanda na kushuka, na mume wangu anatazama, au mimi niliona anatazama. Ile "mh" ilikuwa laini, ya mwanamke anayejua anachofanya. Niliirudia kichwani nikiosha vyombo, nikichambua mchele, hata nikiwa kwenye mswala, Mungu anisamehe.

Nikaanza kujipamba kwenda kutoka jasho. Nilipaka hina. Siku moja niliwahi kufika nikakalia kiti cha katikati, niwatenganishe. Mume wangu akaja, akanisalimia kama mgeni, akasema pale katikati ndipo feni inapopiga na yeye anasikia joto. Nikahama. Yule mama akatabasamu, nami nikamkata jicho ambalo hakuliona kwa sababu alikuwa anafunga miguu.

Jumanne moja mume wangu alikuwa anasimulia habari ya mkuu wa shule aliyefungiwa stoo na wanafunzi, kisa ninachokijua vizuri kuliko yeye. Yule mama akacheka. Nikasema leo nitajibu mimi. Nikavuta kwa nguvu kumzidi mume wangu mwendo, nikafungua mdomo nisahihishe hadithi ile. Nilitoa "wana" tu, "funzi" ikabaki ndani. Chumba kikazunguka na mpini ukaniponyoka. Binti akaja mbio, akanishusha, akaniegemeza ukutani.

"Mama," akaniuliza taratibu, "unashindana na nani?"

Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo, na jibu lenyewe lilikuwa la aibu. Mume wangu akatumwa nje kuniletea maji. Nilipotulia nikamuuliza binti kama moyo wangu ndio mbovu, maana mzee wangu anavuta huku anapiga soga na mimi siwezi kusema hata jina langu. Akanipima, akasema moyo hauna neno. Akanieleza kwamba mapafu ya mwanamke kwa kawaida ni madogo kuliko ya mwanaume, na njia zake za hewa ni nyembamba, hata kama mna kimo kimoja. Mkitembea polepole hamtaona tofauti. Mkivuta kwa nguvu na mwili ukataka hewa nyingi kwa haraka, mwanamke anafanya kazi kubwa zaidi kuipitisha hewa ileile, na misuli yake ya kupumulia ndiyo inayobeba mzigo huo. Ni kama kunywa togwa kwa mrija mwembamba, alisema, wakati mwenzako amepewa mnene. Akaomba radhi kwa kutuwekea sote mwendo mmoja, akasema nikishindwa kutamka sentensi nzima nipunguze.

Mama wa Mombo alikuwa ameshuka kwenye mtumbwi wake, anajifuta uso kwa khanga, anasikiliza.

"Kumbe na wewe?" akaniambia. "Dada, mimi mumeo simsikii hata nusu. Nikisema mh, ndiyo hewa yenyewe hiyo. Naomba tu anyamaze."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma upya. Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Kisha wivu ukarudi kwa mlango mwingine. Kama yule mama hakuwa anamsikiliza, basi mume wangu alikuwa anamwagia nani maneno yote yale, ambayo mimi nyumbani nimeyakosa miaka?

Jumamosi tulikwenda shambani Kwedizinga kwa pikapu yetu kuukuu, yeye akiendesha. Nikamuuliza bila kuzunguka kama anataka kumwoa yule mama. Akacheka mpaka akapunguza mwendo. Akasema hata hajui ana watoto wangapi.

"Basi mbona kule unaongea na kwangu huongei?"

Akabadilisha gia. "Kule hamna pumzi ya kunikatiza," akasema. "Nyumbani nikianza neno, wewe umeshalimaliza."

Pumzi sasa nilikuwa nayo tele, na jibu refu lilikuwa tayari, lenye mifano na miaka yake. Nikalimeza. Halikushuka vizuri. Tukapita mashamba ya watu, tukapita ng'ombe waliokuwa wanavuka barabara, sijasema kitu.

"Unaumwa?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

Ndipo akaanza, macho yake barabarani. Alisema tangu astaafu, kila asubuhi anaamka, anavaa shati, anafunga vifungo vyote, kisha anakumbuka kwamba hakuna anayemngoja. Anarudi kukaa ukingoni mwa kitanda mpaka asikie nimetenga chai, ndipo anatoka amejikaza, nisijue. Kuna siku, alisema, haoni sababu ya kuamka kabisa.

Nikasubiri mpaka nilipohakikisha amemaliza. Nikamuuliza kwa sauti ndogo mbona hakuniambia.

"Nilisema," akajibu. "Kule kwenye mitumbwi, wiki mbili zilizopita. Wote wawili mlikuwepo."

Nilikuwepo. Nilikuwa bega kwa bega naye, na macho yangu yote yalikuwa kwenye mdomo wa yule mama.