Mirija Niliyomrekebishia Fundi Mutua

Kwa wiki mbili nilikana kuigusa mirija ya shamba. Niliigusa yote.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, hapa Kilungu, kilipanda nyanya. Fundi Mutua akatuletea mirija myembamba ya kuchomeka kwenye bomba, ncha amezikata mshazari. Mimi, Mwalimu wao mwenye digrii, nikaona huo ni uzembe. Nikazinyoosha kwa makasi, nikazisukuma mpaka zikagota ndani. Maji yakakwama, nyanya zikanyauka, nami nikamlaumu Mutua.

Mwenyekiti akampigia simu amfute kazi, sote tukisikiliza kwenye spika.

"Mama, ncha nyoofu hujiziba kwenye ukuta wa bomba. Ya mshazari hupitisha maji. Kwani hamkumuuliza Mwalimu? Aliniandikia, 'Mutua, nimekurekebishia kazi yako, ncha zote nimezinyoosha.' Nikadhani ananitania."