Mwaka Tuliotafuta Shule ya Uingereza

Mwezi uliopita nilipita Doha nikielekea Dar es Salaam, na pale uwanja wa ndege nikamwona msichana wa miaka kumi na miwili hivi, amevaa koti la shule la rangi ya zambarau, mama yake anamwekea kola sawa. Kola ilikuwa sawa tayari. Mama aliendelea tu kuiweka sawa. Nilisimama na begi langu nikasahau hata mlango wa ndege yangu ni upi, maana ghafla nilikuwa nimerudi Al Thumama, mtaa wa hapo hapo Doha, kwenye nyumba yetu ya kupanga, mwaka ule ambao watu wazima walikuwa wananizungumzia na kunyamaza kila nikiingia.

Ngoja kwanza nikueleze tulikuwa watu gani, kwa sababu hata walimu wangu walichanganyikiwa. Baba alizaliwa Tanga, akaenda Marekani kusomea uhandisi, akabaki huko mpaka akawa raia. Mama ni Mmarekani mweusi wa Georgia. Mimi nimezaliwa huko huko, binti yao wa pekee. Kazi ndiyo iliyomleta Baba Doha, wakati uwanja mpya wa ndege unajengwa, na Bibi, mama yake Baba, akaja kuishi nasi. Basi ukiuliza pasipoti, tulikuwa Wamarekani. Ukiingia jikoni, ulikuwa umefika Tanga. Ijumaa Bibi alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, Mama akaoka pembeni mkate wa mahindi wa kwao, na mimi kazi yangu ilikuwa kukuna nazi na kufukuzwa nisiile. Harufu hiyo ikivuka ukuta tu, tulimsikia dereva wa nyumba ya jirani, mtu wa Mombasa, akibisha.

"Hodi wenyewe! Mimi napita tu."

Hakuwahi kupita tu. Alikaa mpaka sufuria ionekane chini.

Jioni, joto likipungua, Baba alitupeleka mtaa wa Najma kununua chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki inayouzwa kwenye vikombe vya karatasi. Tuliinywa ndani ya gari vioo vikiwa wazi, adhana zikianza msikiti mmoja baada ya mwingine. Niliamini maisha yote ni hivyo.

Lakini Doha ilikuwa shule yangu ya nne, na kampuni ya Baba ilishasema kwamba kazi ikiisha atahamishwa tena, haijulikani wapi. Mwalimu wangu wa darasa akawaita wazazi. Akawaambia kwamba huyu mtoto ana akili, ila ameacha kutafuta marafiki, kwa sababu anajua ataondoka. Mama alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja chumbani.

Hapo ndipo neno bweni, tena la Uingereza, lilipoingia nyumbani kwetu. Kwa Baba halikuwa neno la kutisha. Yeye mwenyewe alipelekwa bweni akiwa mdogo, na tranka lake la chuma na ndoo, na alipenda kusimulia uji uliokuwa na wadudu na kunguni waliomla usiku kucha. Alisimulia akicheka. Mama alimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jela.

"Kwetu," Mama alisema, "mtoto anapelekwa bweni akiwa ameshindikana. Mama yangu ana chumba Georgia. Kama lazima aondoke, aende kwa mama yangu."

"Georgia ni safari ya mchana kutwa na usiku," Baba alijibu. "Uingereza napanda ndege asubuhi, alasiri niko naye. Akiumwa nitafika."

"Wamarekani tulipigana vita tuachane na Waingereza. Leo mimi niwapelekee mwanangu kwa mkono wangu?"

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Sisi pia walitutawala, mwanangu. Tena hawakutupa hata wali."

Wakacheka wote, lakini jambo lile halikuisha kwa kicheko.

Tulikwenda Uingereza mwezi wa pili kutazama shule, Baba, Mama na mimi. Bibi alibaki, akanifungashia visheti na kuniambia nitazame kwa niaba yake.

Sasa ndugu yangu, mimi nilikuwa mtoto wa jangwani. Kwetu kila jani ulilokutana nalo lilikuwa na bomba lake la maji, na mvua ikinyesha Doha tulikimbilia madirishani darasa zima, mwalimu naye. Shule ya kwanza tuliyofika ilikuwa na uwanja wa nyasi unaoshuka mpaka mtoni. Sikuona bomba hata moja. Nikamuuliza msichana mkubwa aliyetutembeza, "Nani anamwagilia?"

Alinitazama kama nimemuuliza nani anawasha jua. "Mvua," akasema.

Nilirudia neno hilo kimoyomoyo njia nzima. Kulikuwa na minara ya mawe iliyojengwa kabla Marekani haijaitwa Marekani, na ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za watoto waliokwisha kufa zamani. Tukapitishwa kwenye kanisa lao, wasichana wakifanya mazoezi ya kuimba. Sijui nikuelezeje. Sauti ilipanda mpaka kwenye dari, ikakaa huko juu hata baada ya wao kufunga midomo. Nilimshika Baba mkono. Nikamsikia akinong'ona, "Subhanallah," naye hata hakujua kwamba amesema.

Niliitaka shule ile kama mtoto anavyotaka mwezi. Lakini Mama alikuwa na swali lake. Mbele ya mkuu wa shule, chai ikiwa mezani kwenye vikombe vyembamba, aliuliza, "Nani atamsuka nywele?"

Yule bwana alitabasamu, akatazama karatasi zake, akasema swali hilo halijawahi kuulizwa. Shule ya pili waliuliza kama nywele haziwezi kukatwa tu. Baba alijikohoza. Mama akasimama, akashukuru kwa chai, tukaondoka.

Shule ya tatu ilikuwa ndogo, ya matofali mekundu, nayo ilinuka kabeji. Mvua ilikuwa inanyesha kimshazari. Hakukuwa na mnara. Nilinuna. Tukapelekwa kwa matroni, mama mmoja mnene wa makamo mwenye miwani shingoni, chumbani kwake kwenye heta ya kupasha joto na soksi nyingi zinazosubiri kushonwa. Mama akauliza swali lake, na kwa jinsi alivyouliza, niliona kwamba ameshakata tamaa.

Matroni aliniangalia kichwa, bila haraka. Akasema, "Sijui kusuka. Lakini mikono ninayo. Unaweza kunifundisha?"

Mama alivuta kiti. Kisha akavua koti. Akafungua mkoba, akatoa kichanuo na kopo la mafuta, akanikalisha sakafuni katikati ya magoti yake, akafumua mstari wa mwisho karibu na sikio.

"Anza na mafuta," alimwambia. "Usianzie kwenye ngozi, utamuumiza. Chana kutoka kwenye ncha."

Matroni alipiga magoti kando yangu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alikosea, akafumua, akakosea tena, akaomba radhi kwa kichwa changu, si kwangu. Mama akacheka. Mwaka mzima sikuwa nimesikia kicheko chake kile cha moyoni. Nilikaa pale sakafuni, mikono minne kichwani mwangu, mvua ikipiga kioo, na nilihisi kitu kikubwa kuliko kile nilichohisi kanisani. Mstari ule ulitoka umepinda. Mama aliupitishia kidole tangu mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Utaweza."

Kwenye treni Baba aliniambia, "Shule ni yako. Sema unayoitaka."

Nilifikiria minara na mto. Nikatazama mikono ya Mama, imetulia mapajani. Nikasema, "Ile ya matroni." Mama aligeukia dirishani, akabaki amegeuka mpaka London.

Nilisoma pale mpaka nikamaliza. Nililia muhula wa kwanza, kisha nikapata rafiki, na sikuogopa kumzoea kwa kuwa nilijua sitahamishwa. Matroni alinisuka kila Jumapili, na mpaka mwaka wa pili mistari yake ilikuwa imenyooka. Majira yale ya kwanza ya baridi Bibi aliugua ghafla, akafariki kabla sijarudi likizo. Amezikwa makaburi ya Abu Hamour, huko Doha, mbali na Tanga kuliko alivyowahi kudhani. Baba alihamishwa, akahamishwa tena, sasa amestaafu na amerudi kwao. Mama yuko Georgia kumtunza mama yake, wanatembeleana kwa miezi. Nyumba ya Al Thumama imebomolewa. Safari hii nilichukua teksi kwenda kuiona, nikakuta ghorofa lenye nguo kwenye baraza zote.

Ijumaa ya mwisho kabla ya kuondoka kwangu kwenda shule, tulikula kama kawaida. Baba alimtania Mama, Bibi alinichambulia miiba ya samaki ingawa nilikuwa mkubwa, dereva wa jirani alimaliza wali. Mimi nilikuwa na haraka. Nilitaka kwenda kujaribu sare yangu mbele ya kioo, nikaomba ruhusa ya kunyanyuka kabla ya wengine. Bibi akasema, "Mwacheni aende."

Nikaenda. Nikawaacha wote wamekaa mkekani, wanaongea, na sikugeuka kuwatazama.