Sauti ya Gari la Kaka Yangu

Watoto wangu walinifanyia sherehe ya shukrani, nami nikaiharibu mbele ya padre. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa hapa kwetu, juu kidogo ya Nkubu, na sikatai. Ninachotaka ni kueleza kwa nini nilikasirika, maana hasira hiyo bado ninayo. Nimefundisha katekisimu maisha yangu yote na sijazoea kulala na kuamka na kitu kama hicho kifuani.

Gari lenyewe lilikuwa la kaka yangu. Ni gari dogo la Kiingereza la viti viwili, lile la watu wa mbio, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma na magurudumu ya spoku kama ya baiskeli. Alilinunua akiwa kijana mwenye kazi nzuri Embu, kutoka kwa mwalimu mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa la kijani. Lakini watu wa umri wetu hawalikumbuki kwa rangi. Lilikuwa na sauti yake, nzito, inayotoka kooni, na kaka akipunguza mwendo lilitoa mlio wa kupasukapasuka kama mahindi mabichi kwenye makaa. Mama yetu akilisikia likiacha lami kule chini, aliinjika chai kabla halijatokea kwenye kona. Hakukosea hata siku moja.

Kisha vipuri vikaadimika, watoto wakazaliwa, na gari la viti viwili halina mahali pa kuweka watoto. Kaka akaliegesha nyuma ya ghala la kahawa nyumbani kwake Embu. Kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Miaka ikapita, presha ya macho ikamshika kaka yangu, ikamfungia dirisha moja kisha la pili. Nilipostaafu nilikwenda kumsalimu, akaniuliza nitafanya nini na mikono yangu sasa. Nikasema sijui. Akasema, "Lichukue lile gari. Mimi sitaliona tena. Lakini siku likiwaka, nataka nilisikie."

Hilo tu ndilo aliloomba. Hakuomba lipakwe rangi, hakuomba liende mbali.

Tulilipandisha kwenye lori la kubebea majani chai na likaletwa kwangu. Mke wangu alilitazama akasema, "Mzee, hata ng'ombe waliokufa hatuwaleti nyumbani." Alikuwa na haki. Sakafu ilikuwa imeoza kiasi kwamba ungeweza kuketi ndani na miguu yako ikakanyaga nyasi. Kinyesi cha kuku kilikuwa kimekula rangi mpaka chuma. Panya walikuwa wamejenga kwenye viti, na waya za umeme zilikuwa zimebaki shaba tupu.

Injini ilikuwa imekwama kabisa. Nilitoa plagi, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu, nikasubiri. Kila asubuhi baada ya sala nilikwenda na spana ndefu, nikaweka uzito wangu, haikusogea. Nikamimina tena, nikafunika, nikaenda kukamua. Majirani walipita kwenye ua wakiniuliza kama imeniambia habari za asubuhi. Mimi ni mtu wa kungoja, nimengoja mvua na nimengoja bei ya kahawa. Siku iliposogea, ilisogea upana wa ukucha, na nilipiga magoti palepale kwenye mafuta nikamshukuru Mungu, nikaharibu suruali nzuri.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Nilikata sakafu na kuchomelea mabati mapya. Nilisaga vali kwenye makao yake kwa mkono, nikizungusha kijiti huku na huku mpaka kiganja kikaota malengelenge. Nilipika gundi, nikashona viti kwa ngozi niliyoikausha mwenyewe. Kabureta zilikuwa mbili, ndogo, za aluminiamu, na hizo ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu vitundu vyake ni vyembamba kuliko sindano na kila kimoja kilikuwa kimezibwa na petroli iliyogeuka gundi. Nilizisugua kwa mswaki, nikazipuliza, nikazishika juani kuona kama mwanga unapita.

Ikawaka. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Ilikuwa sauti ileile, na mlio ule wa kupasukapasuka ulipokuja nikiachilia mafuta, mimi mzee mzima nililia.

Sikumwambia kaka. Breki zilikuwa bado, na nilikuwa nimejipangia jambo langu. Nilitaka nishuke nalo mwenyewe, nipite Chuka, nivuke yale mabonde yote mpaka Embu, nisimame langoni kwake bila kupiga honi, niachilie mafuta mara moja, nisubiri atoke. Nilikuwa nikiipiga picha hiyo kichwani hata kanisani, Mungu anisamehe.

Kazi ya breki ilipokaribia kwisha, nilialikwa kwenye mafungo ya makatekista, juma zima. Nilikwenda kwa furaha. Niliporudi nilikuta kufuli mpya kwenye kibanda cha gari. Mke wangu akacheka, akasema, "Usiulize. Subiri Jumamosi." Nikajua wamelipaka rangi. Nilikuwa tayari kuvumilia hata kama ni nyekundu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya shukrani. Kwa wasiojua, siku hizi ndiyo desturi yetu: watoto waliofanikiwa hukodi hema na viti, huita padre, jumuiya na ukoo, humvisha mzazi blanketi na kofia, humpa mkongojo, kisha humpa zawadi mbele ya watu wote. Mzazi naye huipokea zawadi, huibariki, na kumbariki aliyeileta. Kukataa zawadi ya mtoto hadharani ni kama kumlaani. Hakuna afanyaye hivyo.

Mtoto wangu wa kwanza, anayefanya kazi ya ofisi Nairobi, alikuwa amemleta hata kaka yangu kutoka Embu. Alikalishwa kando yangu, ameshika magoti yake, ameinua uso kama afanyavyo wakati anasikiliza. Nilimbonyeza mkono. Nikajua watoto wameliwazia lile nililoliwazia mimi, na hapo niliwashukuru kwa moyo wote.

Mwongoza sherehe alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Mzee wetu asimame! Viko wapi vigelegele vya akina mama? Hivyo si vigelegele, hizo ni salamu za msibani! Viko wapi vigelegele?"

Vigelegele vikapigwa. Kibanda kikafunguliwa. Gari likasukumwa nje, jekundu, linang'aa, limefungwa utepe. Mwanangu akaingia na suti yake, akawasha.

Lililia kama cherehani.

Lilinguruma kidogo, nyororo, bila koo, bila kifua. Watu walishangilia. Katikati ya shangwe hiyo kaka yangu aligeuza uso kwangu, akasema kwa sauti ya mtu asiyejua watu wako karibu kiasi gani, "Hili ni gari la nani? Mbona mmeleta gari la miraa hapa?"

Waliosikia walicheka. Wale wa kutoka Laare, ambako magari ya miraa hupita kila siku kama upepo, walicheka zaidi, mmoja akasema, "Mzee anajua sauti ya pesa!" Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilifungua boneti mwenyewe, nikang'oa ule utepe kwa mkono. Ndani mlikuwa na injini ya Kijapani, safi, yenye plastiki juu, imekaa pale kama mgeni aliyelala kitandani kwa mwenye nyumba.

Padre alikuwa tayari na maji ya baraka. Nikapewa kipaza sauti. Nilisema, "Nashukuru kwa chakula. Nashukuru kwa wageni na kwa padre. Kwa hili gari sitashukuru, na naomba lisibarikiwe."

Mke wangu aliweka mkono mdomoni.

Mwanangu alinifuata nyuma ya tangi la maji. "Baba, unaniaibisha. Tulifikiria usalama wako. Ile ya zamani ingekufia kwenye mlima, vipuri hakuna, ungepigiwa honi na malori huko mabondeni. Hii fundi yeyote anaijua. Ni injini tu, Baba. Gari ni lilelile."

"Umewahi kuniona nikiitengeneza?"

"Nimekuona kwenye picha alizotuma Mama."

"Iko wapi?"

Nikapandisha sauti, watu wakasikia mpaka kwenye hema. "Nakuuliza injini ya baba yako mkubwa iko wapi!"

"Fundi aliondoka nayo. Alisema ataipeleka kwa mtu wa vyuma kuukuu."

Sikuvua blanketi wala kofia. Niliingia kwenye gari la mwanangu hivyohivyo, nikamwambia anipeleke kwa mtu huyo. Kaka yangu alikuwa ameshasikia yote, akasema naye anakuja, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Tuliwaacha wageni na wali wao.  Njiani nilijaribu kusali, lakini kila nilipoanza nilijikuta nikimweleza Mungu makosa ya mwanangu, kwa mpangilio, kama wakili.

Uwanja wa vyuma uko kando ya barabara ya Embu, umezungushiwa mabati. Mwenyewe alitoka akatutazama, mmoja kipofu, mwingine na blanketi, akacheka. "Wazee, mnaoa? Nani bwana harusi?"

Nikamwambia tunachotafuta.

"Ah, ile ya kizamani! Ipo. Chuma chake hakijaenda. Ile nyeupe tu ndiyo tuligonga."

"Nyeupe ipi?"

"Aluminiamu, mzee. Vile vidude viwili vya kando. Vinayeyushwa viwe sufuria."

Injini ilikuwa imelala ubavu juu ya matope, katikati ya majiko mabovu na mabati. Kando yake palikuwa na nyundo na vipande vilivyopasuka vya kabureta zangu. Nilivitambua vile vitundu. Nilimgeukia mwanangu nikanyoosha mkongojo walionipa asubuhi. Sikumpiga. Lakini niliunyoosha, na yeye aliona nilivyotaka.

Kaka yangu aliomba aelekezwe. Alichuchumaa kwa shida, akapapasa chuma, akafuata ubavu mpaka mahali kabureta zilipokuwa, akakuta hapana kitu. Kisha akaniuliza mimi, si mwanangu, "Iliwahi kuwaka?"

"Iliwaka."

"Lini?"

"Kabla ya kahawa kuiva."

"Na mimi mbona sikuambiwa?"

Nikasema nilitaka kuja nalo mwenyewe, nisimame langoni, nimshtue.

Alinyanyuka. Sijawahi kumwona kaka yangu na hasira kama ile, hata tulipokuwa vijana. "Una simu," akasema. "Mimi nina simu. Ungenipigia, ukaiweka karibu na injini. Basi. Wewe nawe ulitaka sherehe."

Mwenye uwanja aliacha kucheka. Mwanangu alitazama viatu vyake. Lililoniudhi kuliko yote ni hili: hasira yangu ilikuwa ya haki, nilikuwa nimeikusanya vizuri, na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa na ruhusa ya kuigawa alinipa na mimi fungu langu.

Mwanangu alivua koti. Yeye na mwenye uwanja waliinua ile injini, matope yakitiririka kwenye shati lake jeupe, wakaiweka nyuma ya gari lake safi. Niliona matope yakiingia kwenye zulia nikafurahi, na sijatubu furaha hiyo.

Sasa injini ya Kijapani imeshatoka. Mwanangu aliitoa mwenyewe. Huja kutoka Nairobi Jumamosi moja moja, na tunafanya kazi. Simwambii mengi. Nikitaka spana nataja spana. Alipokosea kulikaza bomba la maji mara ya tatu nilimwambia maneno ambayo katekista hapaswi kuyajua, naye akanijibu, "Baba, basi nifundishe," na nikamfundisha kwa kelele. Mke wangu hutuletea chai, huiweka chini, huondoka. Yeye nilimsamehe haraka, maana aliniambia wazi kwamba aliogopa nitakufa kwenye yale mabonde, na huo ulikuwa ukweli wake. Mwanangu bado. Jioni tunaposali pamoja na kufika kwenye ombi la kusamehewa, mimi hukawia nyuma ya wengine, nikilitamka taratibu, nikijipima. Siku nyingine hulimaliza. Siku nyingine mke wangu hunisubiri.

Kabureta hatujapata za aina ile. Tumefunga moja ya gari jingine, kubwa mno, na mwanangu ametengeneza bamba la kuishikilia. Jumamosi iliyopita ilikohoa mara mbili ikazima. Nilikuwa nimempigia kaka kabla hata ya kugusa ufunguo, simu iko juu ya madigadi ya gari, spika imewashwa.

"Umesikia?" nikauliza.

"Nimesikia," akasema kutoka Embu. "Punguza petroli. Na usikate simu."

Mwanangu alichukua bisibisi bila kuambiwa. Nikamwachia nafasi.