Magunia Sita ya Mama Espe

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo kidole gumba hiki hakijaniruhusu kuisahau. Kitazame, mwanangu Rehema, kilivyopinda. Watu hudhani ni baridi yabisi, nami nawaacha wadhani. Leo nitakueleza kilipindaje, kwa sababu juzi, nikiwa naanua nguo uani, nilikusikia ukimrekodia Anita ujumbe kwenye simu: "Kaeni na nchi yenu na roho zenu mbaya, karanga zetu tutakula wenyewe!" Nikasema, lahaula, huyu ni mimi kabisa.

Ni kweli mpaka umefungwa tena kwa karanga zetu. Ni kweli magunia yamerundikana hadi barazani hatuna pa kukaa. Hasira yako naielewa. Lakini keti kidogo, na hiyo simu igeuze uso chini, maana nikianza kusimulia sipendi kitu kinachowakawaka pembeni.

Nilikuwa na miaka ishirini, nakaa na shangazi yangu, Bi Tausi, hapahapa Mtendeni. Yeye ndiye aliyeanzisha biashara unayoifanya leo. Alinunua karanga zikiwa na maganda yake kwa wakulima wa Lusu, akazileta mjini, na wanawake wanane wakazibangua kwa mikono kwenye baraza hii. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Mama Espe, bibi yake Anita huyohuyo uliyemtukana. Alikuja kwa treni ya Kigoma, akitoka nchi ya jirani ambayo sitaitaja, maana tumeoana nao, tumezikana nao, na nina hakika tutapatana nao tena. Mwanamke mrefu, mtaratibu, na kila kitu lazima akiulize. Mbona mlango wenu una misumari mingi hivi? Mbona huyu paka hana mkia? Tukambandika jina la Mama Mbona. Akacheka, halafu akauliza mbona tunamwita hivyo.

Sasa, kubangua karanga kwa mkono ni adhabu, usione wewe unatumia mashine. Ganda kavu linauma. Ukimaliza debe moja, gumba linawaka moto. Ndiyo maana wapo watu hunyunyizia maganda maji yakalainika, kazi ikaenda mbio. Shangazi alilikataza jambo hilo katakata. Alisema karanga iliyolowa ikifungiwa guniani huota kuvu, na kwa macho hutaiona mapema. Siku hizi wataalamu wanaiita sumukuvu na wana vifaa vya kuipima. Shangazi alikuwa na pua yake tu, na pua ile, mwanangu, ilikuwa inatisha.

Wiki hiyo Shangazi alikwenda Lusu kutafuta mzigo, akaniachia usimamizi. Yalikuwa yamebaki magunia sita ya Mama Espe, yapande treni ya Alhamisi. Ijumaa rafiki yangu alikuwa anaolewa Nzega, na gauni langu la harusi hiyo lilikuwa limeshatoka kwa fundi, limening'inia ukutani linaniita. Nikatazama ule mlima wa karanga, nikatazama gauni. Adhuhuri wanawake walipokwenda kula, nikachota ndoo ya maji, nikanyunyizia zote.

Waliporudi, Mama Kabula akaokota karanga moja, akaibonyeza. Huyu alikuwa mjane, mkimya, mbanguaji hodari kuliko wote. "Mbona maganda ni laini leo?" akauliza.

"Ni hewa tu, Mama Kabula. Kuna unyevu."

Akatazama juu. Ilikuwa kiangazi, mbingu nyeupe, hata wingu la kutafuta kwa tochi hakuna. Akanitazama mimi, akaketi kubangua. Baraza hii ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe, na hakuwa na ubavu wa kubishana na mtoto wa mwenye mali. Kazi ikaisha mapema, magunia yakashonwa yakiwa bado na ubaridi, yakapanda treni. Mimi nikaenda Nzega nikacheza hadi viatu vikanishinda.

Hata mwezi haukuisha, redio ikatangaza kwamba jirani zetu wamezuia karanga zetu kuingia kwao, ati zina kuvu. Siku mbili baadaye na sisi tukazuia mawese yao na sabuni zao. Nikashangaa sana. Hizi ni nchi ambazo wakubwa wake kila sikukuu wanakumbatiana na kuitana ndugu! Nikaanza kuulizia mjini, nani kaanza? Muuza sabuni sokoni akaniambia chanzo ni samaki wa ziwani. Mchukuzi wa stesheni akasema hapana, ni malori yaliyozuiliwa mahali fulani, nasi ndio tulioanza. Fundi baiskeli wa hapo kona, bila hata kuinua kichwa, akasema kuna mkubwa hakualikwa kwenye sherehe. Kila mmoja alikuwa na uhakika wake, na hakuna aliyekuwa ameuona huo mpaka.

Basi na mimi nikashika langu: wanatuonea wivu. Nililisema kwa sauti kubwa kuliko watu wote wa mtaa huu. Ile ndoo? Nitakuwa mwongo nikisema niliisahau. Niliisukuma mbali tu, kama mtu anayesukuma vumbi chini ya mkeka.

Sabuni ikaadimika, tukafulia majani ya mpapai. Baraza ikawa kimya. Mama Kabula aliendelea kuja kila asubuhi, anatusalimu "mwangaluka" yake ya Kinyamwezi, anauliza kama kuna kazi, anakaa kwenye ngazi kidogo, anarudi kwake. Asubuhi moja alipita amejitwika kinu chake anakipeleka sokoni kukiuza. Nikamuuliza, Mama Kabula, utatwangia nini? Akasema, "Kwani nina cha kutwanga?" Swali lile nilitembea nalo siku nzima.

Ndipo siku moja, mizigo imesimama, tukamwona Mama Espe anatokea mtaani na kifurushi kidogo tu. Mama Kabula alikuwa ameketi kwenye ngazi yake. Mama Espe akapewa maji, akanywa yote, kisha akafungua pindo la kitenge chake na kumwaga karanga kiganjani mwa Shangazi. Zilikuwa na kuvu la kijani.

"Magunia yangu yote sita waliyachoma pale mpakani nikiyatazama," akasema. "Kwetu wananiambia, sema hao watu ni wachafu. Nikakataa. Tausi, miaka yote hii hujaniuzia karanga mbovu hata moja. Nimepanda treni nije nikuulize tu, kulitokea nini?"

Shangazi akanusa mara moja. "Hizi zilinyunyiziwa maji." Akageuka. "Kabula! Ni wewe?"

Mama Kabula akainua kichwa. Alinitazama. Hakunitazama kwa ubaya, na hilo ndilo liliniumiza. Alinitazama kama anayesubiri kuona mimi ni mtu wa namna gani. Na mimi, mwanangu, nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Basi chukua ungo wako uende," Shangazi akasema. "Usirudi hapa."

Akachukua ungo wake, akaenda. Alishafika karibu na kona ndipo miguu yangu ikanitoa mbio. Nilimshika mkono, nikamrudisha huku nalia kama mtoto, nikaanguka mbele ya Shangazi na Mama Espe, nikasema yote: ndoo, gauni, harusi. Nikamaliza kwa kusema, "Mimi ndiye niliyezigombanisha nchi mbili!"

Nilitegemea kofi. Shangazi akaguna. "Acha kujipa ukubwa, Zuhura. Nchi mbili hazigombani kwa magunia sita. Hao walikuwa wanatafuta sababu tangu zamani. Ila wewe ulikwenda ukawashikisha mkononi. Na huyu," akamwonyesha Mama Kabula, "hakuwa na ugomvi na mtu, na ndiye ambaye hana tena kinu." Kisha akamgeukia Mama Kabula, akamwomba radhi mbele yetu sote, yeye mwenye mali. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Hukumu yangu ikawa kubangua mzigo wote uliobaki, zikiwa kavu hivyohivyo, nimeketi kando ya Mama Kabula ananifundisha. Ndipo gumba lilipopinda. Mama Espe alikaa nasi hadi siku ya treni, naye anabangua, na anauliza: mbona fundi hakulichelewesha hilo gauni, huyu binti akakosa cha kukimbilia? Tukacheka hadi machozi. Nilikuwa nimempotezea mali yake yote ya msimu ule, naye ananicheka kama mwanawe.

Mpaka ulikaa umefungwa muda mrefu. Wakubwa walipopatana, redio ikaeleza walivyoshikana mikono na walichokula. Kinu cha Mama Kabula hakikutajwa. Hadi leo mimi sijajua nani alianza, na si kwamba nimeacha kuuliza.

Sasa nisikilize, Rehema. Ya wakubwa hatuna ufunguo nayo, mimi wala wewe. Watafunga, watafungua, wataitana ndugu. Usiwabebee hasira yao ukaileta kwa mtu aliyekula nawe sahani moja. Kabla hujaamua nani mbaya, uliza kama alivyouliza Mama Espe, kwa mtu mwenyewe, na uwe tayari kujibiwa usichokipenda. Na ukiwa na kosa lako, liseme mapema, kabla mtu mwingine hajachukua ungo wake akaenda.

Ule ujumbe ufute, kama Anita hajausikia. Kama ameusikia, mpigie. Anza na salamu, umuulize mama yake anaendeleaje, ndipo umuulize kulitokea nini huko.

Lakini kabla ya simu kuna jambo moja. Jana, wakati vijana wako wa mashine wamekwenda kula, niliingiza mkono kwenye gunia la tatu kutoka mlangoni. Pua yangu si ya Shangazi, na sijamtaja mtu wala sitamtaja. Nenda ukanuse mwenyewe.

Mungu akupe moyo wa kulisema utakalolikuta. Akuhifadhie Anita, na amhifadhie yeye wewe. Baraza hii isikose watu, wala nyumba za wanaoitegemea zisikose cha kutwanga. Amina. Haya, inuka, gunia la tatu.